Bidon ya Matope Mbele ya Bakwe

Mimi Furaha, huyu munamuona anatembea mu Bukavu na kichwa juu, nilimuogesha baba ya muchumba wangu na matope ya ziwa, mbele ya familia zote mbili, siku walikuya kuniposa. Haya inanishika mpaka leo. Lakini afazali niwaelezee mwenyewe, juu Tonton Déo, kaka ya mama yangu, anaielezaka kila fasi na anaongezaka uongo (anasemaka eti mimi njo nilifungua bidon, ile dumu ya matope; si mimi, ni yeye!).

Munajua kazi yangu. Niko assistante, musaidizi mu labo, maabara ya biolojia, na ninachunguza bakteria, wale wadudu wadogo ambao macho hayawezi kuona. Wangu wanaishi mu matope ya ziwa, kule hewa haifikake, na badala ya kupumua oksijeni kama siye, wanapumua chuma. Ndiyo, chuma! Unawapa misumari yenye kutu, wanapumua ile kutu. Na wenzao wanapumua chumvi ya salfa, na hao wakitoa pumzi, harufu ni ile ya yai lililooza. Ukiwaingizia hewa umewaua, njo maana chombo chao kinafungwa kabisa.

Sasa, Ijumaa, siku moja mbele ya bakwe, wakwe zangu, kufika, wakatuambia labo inapakwa rangi. Nikawaza: wapaka rangi watafungua chombo changu kwa kutaka kujua, na kazi yangu yote itakufa. Basi nikamimina matope na misumari yake mu bidon ya manjano, nikatia sukari mingi ili wasilale njaa (hiyo sukari, ndugu zangu, nitaijutia mpaka kaburini, juu ndiyo ilizaa gesi), nikakaza kifuniko kwa nguvu zote, nikaleta nyumbani, nikaificha mu kuluwari, kile kijia cha ndani ya nyumba, nyuma ya pazia ya rido. Kuandika juu yake nikasema nitaandika kesho.

Kesho yake asubui nikaenda kusukwa. Nyuma yangu Maman, mama yangu, akanunua kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na munajua kasiksi inauzwaka mu nini: mu bidon ya manjano. Na aliiweka wapi? Mu kuluwari, nyuma ya rido.

Bakwe wakafika kutoka Mudaka. Baba yake Baraka muchumba wangu, Papa Mugisho, muzee mutulivu, alivaa shati nyeupe yenye kupigwa pasi mpaka inakata. Pembeni yake dada yake, Maman Nabintu, mama wa maombi, macho yake yakinipima toka nywele mpaka viatu. Salamu zikaenda muzuri, maneno ya kuposa yakaanza muzuri, mpaka Tonton Déo akasema koo zimekauka, akaenda kuleta kasiksi.

Akarudi na bidon, akaitikisa, akaweka sikio, akafurahi kabisa.

"Bakwe, hii imeiva! Sikilizeni, iko inapumua!"

Mimi nikasikia misumari inacheza ndani. Nikasimama, nikasema "Tonton, apana, si—" lakini mukono wake ulikuwa tayari ku kifuniko.

PWAAA!

Matope meusi kama masizi yakaruka mpaka ku plafon, pale darini, yakashuka yote juu ya Papa Mugisho, ile shati, ile miwani, mandevu. Halafu harufu ikafika. Mutu akakohoa, mutu akalia "Yesu!", na misumari ikaanguka juu ya meza, ting, ting, mbele ya Maman Nabintu.

Akaiangalia. Akaangalia matope. Akasimama pole pole.

"Misumari. Matope meusi. Nyuma ya rido. Mutoto wenu anachunga nini mu hii nyumba?"

Hapo ulimi wangu ungetulia kidogo ningepona. Lakini mimi, kwa woga, nikasema: "Musiogope, Maman, iko hai!"

"Nini iko hai?"

"Ya ndani! Ninaipa sukari. Inapumua misumari."

Akafanya ishara ya musalaba, akatoka nje mbio, na bakwe nyuma yake. Kwetu neno ulozi si mchezo. Muchumba anaweza kupotea kwa hilo peke yake, na jina haliwezi kusafishwa tena. Maman yangu akaanza kulia. Baraka, mwanaume niliyempenda, alikuwa anaangalia plafon kama anahesabu madoa.

Mu bakwe wazee, Papa Mugisho peke yake hakutoka. Alipangusa miwani, akaniuliza: "Mutoto, hii umeitoa wapi?"

Nikamuelezea, machozi yakishuka: ziwa, kutu, wadudu wasiotaka hewa. Akanusa mukono wa shati yake. Akanusa tena.

"Na hii harufu ni pumzi yabo?"

"Ndiyo, Papa."

"Hii harufu naijua. Shamba yangu ya makoloma, yale majimbi, kule ku marais penye majimaji, ukichimba kidogo tu, udongo ni mweusi hivi na inanuka hivi." Akageuka ku mulango, akaita kwa sauti: "Nabintu! Rudi! Kama huyu ni mulozi, basi na mie niko mulozi, na wewe unakulaka makoloma ya mulozi kila mwaka!"

Mutu akacheka kule nje, kisha wote, wakarudi ndani. Papa Mugisho akavalishwa shati ya Tonton Déo (vifungo viligoma kabisa ku tumbo), na njo vile aliniposa, kitovu nje, kwa heshima zote.

Niliolewa. Na nimeapa: kazi inalala kazini, na chombo bila jina hakiingii mu nyumba yangu, hata kama ni cha chumvi. Lakini kila tukienda Mudaka, nikimimina kinywaji, Maman Nabintu anapokea kikombe kwa mikono miwili, anakinusa, halafu ananirudishia.

"Anza wewe, muke wetu."

Na mie naanza.