Sarafu Iliyopita Tumboni mwa Mkwe Wangu

Kwetu Nkoaranga mkwe hatafuni mbele ya mama mkwe wake. Hata chai huinywa amegeuka upande. Sasa fikirieni mimi, mwanamke wa heshima zangu, niketi kungoja haja kubwa ya mkwe wangu! Mpaka leo nikikumbuka natema mate.

Mama yangu aliwahi kufua nguo kwa setla mmoja Mmarekani. Mke wa setla alipohama alimwachia sarafu ya dhahabu: upande mmoja mwanamke mwenye kofia, upande wa pili ndege tai. Baba akaitoboa, ikatiwa mkufu. Tangu hapo kila binti wetu huivaa siku ya kipaimara. Anayemvalisha huibusu kwanza. Mimi shule niliachishwa mapema nikalee wadogo zangu, lakini mabinti zangu wote nimewavalisha kwa mkono huu, na zamu ilikuwa imefika kwa mjukuu wangu wa kwanza. Ilikuwa iwe Jumapili.

Miaka hiyo ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mwanamume mjini alijiita dalali. Mkwe wangu, baba wa huyo mjukuu, aliuza mitumba Daraja Mbili, akaacha akakimbilia mawe ya tanzanite Mererani, mawe yakamshinda, akahamia kwenye sarafu za kale. Ijumaa akaniletea mnunuzi, jitu la kitambi lililovaa glavu nyeupe kama daktari. Akaomba niitoe kwenye mkufu aipime. Nikaitoa, maana mgeni ni mgeni.

"Mama, hii ni ya zamani sana, Marekani ikiwa bado changa," akasema, kioo kimembana jichoni. "Kule watu hawalali wakizitafuta. Ila nani kaiharibu?"

"Kaiharibu nini?"

"Hili tundu."

"Baba yangu kaitoboa ivaliwe. Ulitaka tuitazame tu?"

"Si neno, fundi wangu ataliziba. Atakayeinunua hatajua."

"Kumbe utamwibia na yeye!"

Akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Biashara hiyo, mama."

Nikasema haiuzwi, nirudishiwe. Akampa mkwe wangu anikabidhi. Mkwe akaitia kati ya meno, eti anionyeshe kuwa ni dhahabu kweli. Koo likapanda, likashuka. Akanitazama macho yamemtoka kama chura.

"Mama, imeteleza."

"Imeteleza au umeitelezesha?"

Mnunuzi akamnong'oneza, "Twende mjini basi." Hapo nikajua walikuwa wamepanga. Nikasimama mlangoni na jembe. Nikamwambia mnunuzi aende zake, na mkwe abaki. Nikamletea papai zima na mafuta ya nyonyo. Akala mbele yangu, mate na mbegu zikimchuruzika kidevuni, na aibu yote ya ukwe ikaishia pale. Nikampa beseni bovu, nikamwelekeza nyuma ya zizi. Ng'ombe wangu walikuwa wasafi kuliko yeye.

Jumamosi akatoka huko amenywea, sarafu kaishika kwa jani la mgomba. Nikamwamuru aioshe mwenyewe, kwa majivu, kwa sabuni, kwa maji ya moto, aioshe tena. Mnunuzi naye akarudi! Nikamwambia ilikopita, nikidhani atakimbia. Akanyoosha glavu yake nyeupe.

"Dhahabu haishiki harufu, mama. Nakuongezea bei."

Nilimfukuza na lile beseni. Halikuwa tupu.

Jumapili mjukuu wangu alipendeza, gauni jeupe, nywele zimesukwa vizuri. Kanisa likamtazama, nami kifua kikanijaa, maana ni damu yangu ile. Nikamfunga mkufu nikishika mnyororo tu, nikambusu paji la uso. Mkwe wangu alikuwa kiti cha mbele, suti mpya, kama hajawahi kuchuchumaa maishani. Akaniinamia.

"Shikamoo mama. Umesahau kuibusu sarafu."

"Ibusu wewe," nikamwambia, wala sikunong'ona. "Unaijua ladha yake ya kuingia na ya kutoka."