Ndege ya Kivita ya Bibi

Harufu ya breki za treni ikinipiga puani stesheni, mimi huwaza dagaa. Usinicheke, ngoja nikueleze.

Nilikuwa na miaka saba. Kuta za stesheni yetu, huku ughaibuni, zilijaa matangazo ya ndege za kivita, pale ambapo kwingine wangetangaza sabuni. Mama alinisomea moja: inapigana angani, inapiga ardhini, inapeleleza. Ndege moja, kazi zote. Wiki hiyohiyo Bibi alilalamika kwenye simu kutoka Kigoma kwamba kunguru wanammalizia dagaa alioanika. Nikamwambia Mama tumnunulie ile. Akanijibu, uso mkavu, kwamba zile huuziwa nchi, tena nchi rafiki, na serikali ikubali kwanza.

Basi nikaunda yangu. Shangazi Zawadi alinipa boksi la viatu vyake vipya vya dhahabu, vya kuchezea harusi aliyokuwa akiiendea Kigoma. Nikalivika foili ya jikoni, nikaliwekea mbawa za kuchomoa. Jaribio la kwanza, kutoka juu ya ngazi, lilitua kwenye sufuria ya maharage. Tuliyala hivyohivyo.

Ikabaki kuisafirisha. Kwetu mmoja akisafiri, begi lake ni la ukoo mzima. Shangazi alipanda mizani ya bafuni amelikumbatia begi, huku Mama akiongeza vitenge. Ndege yangu haikuwa nzito. Kosa lake ni kukataa kukunjwa.

“Mtoto wa kaka,” Shangazi akaniuliza, “huko inakokwenda ni nchi rafiki?”

“Ni kwa Bibi.”

Akalitazama begi kitambo, akanituma gundi ya karatasi. Niliporudi, zipu ilikuwa imefungwa na ndege imo ndani.

Bibi alitusimulia kwenye simu: aliitundika kwa kamba juu ya dagaa. Foili ikametameta, kunguru wakahamia kwa jirani. Jioni alichomoa bawa akapepea jiko. Kazi zote, nikatangaza shule nzima.

Picha za harusi zilipofika, Shangazi alikuwa katikati ya ngoma, gauni la dhahabu, miguuni ndala za bafuni. Nimemtania kwa picha ile miaka na miaka. Yeye hucheka tu.

Mwaka jana, nikitafuta mwavuli chini ya kitanda chake, nikavikuta: viatu vya dhahabu, soli safi, havina boksi.

Nikavirudisha palepale. Utani wa ndala nimeustaafisha. Ninao mwingine mwingi.