Jina la Mukendi kwenye Mstari wa Kungojea

Asifiwe Mungu Baba, mwenye kutoa pumzi na kuipokea, aliyenifikisha kwenye umri huu macho yangu yakiwa bado yanasoma. Nisingethubutu kuandika haya bila kumshukuru kwanza.

Ninayoyaeleza yalitokea. Yalitokea hapa Kolwezi, mchana, nikiwa sina homa wala sijaonja pombe. Sisemi kwamba wafu wanatembea mjini. Imani niliyofundishwa tangu utoto naishika mpaka leo. Nasema nilichokiona. Mwenye kunicheka nitamsamehe, maana zamani mimi mwenyewe ningecheka.

Mukendi na mimi tulifanya kazi pamoja miaka ishirini na sita katika chumba cha kompyuta cha kampuni moja ya shaba. Wazazi wake walitoka Kasai, wangu walitoka kaskazini ya Katanga. Kulikuwa na miaka ambayo watu walitaka tuchukiane. Hatukuweza. Alikuwa ananiita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa sababu nilimzidi miezi mitano.

Kwa wewe usiyejua kazi yetu, nikueleze kidogo. Kuna kompyuta ambayo huiongozi kwa kubofya picha. Kioo ni cheusi, na juu yake kuna mstari mfupi wenye alama inayometameta. Mstari ule unakungoja. Unaandika amri, mashine inatii, kisha mstari unarudi na kukungoja tena. Unaweza kuupamba upendavyo: rangi, saa, jina lako. Na katika programu ya kuandikia, chini kabisa, kuna ukanda mwembamba unaokuambia uko kwenye faili gani, mstari wa ngapi, na lolote lingine uliloliomba.

Sisi tulikuwa na desturi yetu. Mashine ilikuwa moja kwa zamu zote. Aliyeingia zamu aliweka jina lake kwenye mstari wa kungojea, na ukanda wa chini ulihesabu saa zake za kazi. Aliyetoka aliondoa jina, na mwenzake akasema, "Nimepokea, nenda nyumbani." Hukuondoka kabla ya maneno hayo. Jina likibaki, wewe bado uko kazini, hata kama umelala kitandani kwako. Siku moja Mukendi alisahau, na mkuu wetu akatuma gari limtoe kwenye harusi ya mdogo wake. Alikuja na suti na ua kifuani, akaondoa jina lake kwa kidole kimoja, akarudi kucheza. Tulimtania mwaka mzima.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, Mukendi alifariki. Tulimzika vizuri, kwa sala na nyimbo.

Mimi siku hizi natunza daftari za parokia kwenye kompyuta kuukuu: ubatizo, ndoa, mazishi. Ninafanya kazi kwa kioo kile kile cheusi, maana mkono wangu haujui kingine. Siku mbili baada ya mazishi nilikaa pale nikakosa pa kuweka huzuni yangu. Nikafungua faili ya mipangilio, nikafuta jina langu kwenye mstari wa kungojea, nikaandika lake, kwa rangi ya kijani aliyoipenda. Kisha kwenye ukanda wa chini nikarudisha hesabu ya saa, kama ile ya kazini. Niliona ni ukumbusho, kama mtu anavyotundika picha ukutani. Kuna ubaya gani? Kila nilipomaliza amri moja, jina lilitokea: Mukendi. Na alama inametameta, inangoja. Mara mia kwa siku, pengine zaidi.

Wakati huo huo mjane wake, Mama Ngalula, aliacha kulala. Kila akifumba macho alimwona mume wake amesimama mlangoni na nguo za kazi, amechoka, asiyeweza kuingia wala kwenda. Akakonda. Kilio, yaani matanga, kilikuwa kiondolewe siku ya arobaini, lakini ndugu za marehemu walianza kunong'ona. Kaka wa Mukendi, Tata Kabeya (tata ni baba, kwa heshima), aliyekuja kutoka Mutshatsha, alisema hawezi kuondoa kilio wakati marehemu bado ameshikwa. Na ni nani amshike kama si mke? Shangazi mmoja alitamka neno muloji, mchawi, bila kushusha sauti. Unajua neno hilo linafanya nini hapa kwetu. Mjane aliyeitwa hivyo hatolewi kilio tu. Anatolewa nje ya nyumba.

Kwa kuwa mimi ni mzee wa parokia, walinituma nimshauri. Nikaenda, nikakaa naye kwenye mkeka, nikamwambia kwa upole amwachie Mungu.

Akanitazama. "Tata, mi nilishamuachia. Yeye anasema kuko mutu anamuita kila siku, hamupi njia."

Nilirudi nikitikisa kichwa, nikimhurumia kwamba hataki kukubali. Mungu anisamehe.

Siku mbili kabla ya arobaini, saa tisa mchana, mvua kubwa ilinyesha. Umeme ukakatika, kompyuta ikabaki kwenye betri. Nilikuwa peke yangu ofisini nikiandika mazishi ya juma lile. Nilipoinua kichwa, kijana mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni. Sikusikia mlango. Nilidhani ni mtu aliyefiwa, amekuja kuandikisha, basi nikampa pole na kumwuliza jina la marehemu.

Alivaa nguo ya kazi ya bluu, ya mtindo tuliokuwa tunavaa zamani. Niamini ninachokuambia sasa: nje barabara ilikuwa mto wa matope mekundu, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu. Vilikuwa na vumbi jeupe-jeupe, kama lile la marundo ya mabaki ya mgodi kule Kingamyambo wakati wa kiangazi. Tone la maji hakuwa nalo hata kwenye nywele.

Akavuta kiti, akainama kutazama kioo changu. Akaweka kidole kwenye ukanda wa chini, akausoma taratibu. Hesabu ilikuwa imepita saa mia nane.

"Yaya," akasema, "hii zamu inaisha saa ngapi?"

Ni mtu mmoja tu aliyekuwa akiniita hivyo. Nilimtazama usoni, nikamjua. Alikuwa Mukendi, lakini Mukendi wa mwaka wetu wa kwanza, kabla ya mvi, kabla ya kikohozi. Nilitaka kusali, na sala niliyoijua miaka sitini ilinikimbia.

"Jina yangu iko pale," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Naweza kwenda namna gani? Nafika pa mulango, unaniita. Narudia. Nafika tena, unaniita. Sasa banamupiga Ngalula na maneno juu yangu, na weye unajua si yeye."

Nilijua? Nakuambia mbele ya Mungu, sikujua. Lakini aliposema hivyo, niliona aibu ya mtu aliyekuwa akijua.

Betri ikaisha. Kioo kikazimika, chumba kikawa na giza la mvua. Nilipapasa kiberiti mezani, nikakiwasha. Kiti kilikuwa kitupu. Kwenye saruji, mahali ambapo miguu ilikuwa, palibaki vumbi jeupe. Nilipitisha kidole juu yake, lilikuwa vumbi kweli.

Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Nilikuwa na njia rahisi. Ningengoja umeme, nifute jina kimya kimya, na hakuna ambaye angejua. Nilikaa na wazo hilo kwa muda, sitakuficha. Lakini Mama Ngalula angebaki na neno lile juu ya kichwa chake mpaka kaburini.

Nikafunga kompyuta ndani ya mfuko wa plastiki, nikapanda moto, yaani pikipiki, mvua ikiwa bado inanyesha, nikaenda kwenye matanga. Ndugu wote walikuwapo chini ya turubai. Niliomba nafasi, nikasimama, nikaeleza desturi yetu ya kazini, na jina, na mgeni wangu. Nilijieleza vibaya, nikitetemeka kwa baridi. Mjomba mmoja wa Kasaji alisema kumbe muloji ndio mashini, waifunge basi waipeleke polisi. Watu wakacheka, na mimi nilikishukuru kicheko kile.

Tata Kabeya hakucheka. "Ulikuya hapa, ukakaa pa mukeka, ukamuambia huyu mama amuachilie bwana yake. Na weye?"

Nikasema tu, "Ni mimi, Tata. Si yeye."

Wakaniletea waya kutoka jenereta ya jirani. Nikawasha kompyuta mbele yao, na jina likatokea kwa kijani. Mama Ngalula alipoliona alijifunika uso kwa kitambaa. Nikafungua faili ya mipangilio. Nilitaka kulifuta kwa amri moja, mkono ukakataa. Nililifuta herufi moja moja, kutoka mwisho. Kisha nikaondoa hesabu ya saa. Mstari wa kungojea ukarudi, mtupu.

Nikasema kwa sauti, "Mukendi, nimepokea. Nenda nyumbani."

Mvua iliendelea kupiga turubai. Lakini Mama Ngalula aliegemea bega la binti yake, akasinzia palepale akiwa ameketi, na Tata Kabeya akawaonyesha watu kwa mkono wanyamaze. Aliamka asubuhi. Jumamosi kilio kiliondolewa, na ni Kabeya mwenyewe aliyemvua kitambaa cheusi. Yule shangazi alimwomba radhi, kwa shingo upande, lakini aliomba.

Leo Mama Ngalula anauza samaki wakavu sokoni, na mwili wake umerudi. Mimi, lipo jambo ambalo halijarudi. Ninakumbuka maneno yote ya Mukendi, utani wake, hata namna alivyokohoa, lakini sauti yake siisikii tena kichwani. Najaribu, na panakuwa kimya, kama redio iliyozimwa. Wanangu wana kwenye simu video yake akizungumza. Nilipoitazama niliona midomo tu ikicheza. Wao wanasema sauti ipo. Mimi siisikii. Silalamiki. Labda ndivyo inavyokuwa mtu akishaenda kabisa.

Basi, wewe unayesoma, wapende wafu wako, uwaombee, uwatajie wajukuu. Lakini usiwape kazi. Usiweke jina la marehemu mahali panapoita na kungoja jibu, iwe kwenye mashine, iwe moyoni. Na ukiona mjane anashutumiwa, kabla hujamshauri, chunguza kwanza mikono yako mwenyewe.

Mungu akulinde uingiapo na utokapo, akupe usingizi mwema usiku huu, na siku yako ikiisha akupokee mwenyewe. Amina.