Mchoro wa Monga

Simu iliyonitoa nyumbani ilitoka kwa Mwadi, mke wa rafiki yangu Monga. Mimi na Monga tulisoma umeme pamoja Lubumbashi. Tulikula sahani moja, tukagombania godoro moja, na hata leo tarakimu saba naiandika kwa mkia alionifundisha yeye. Masomo yalipokwisha mimi nilibaki mjini katika ofisi ya kupiga hesabu za mitambo, yeye akarudi kwao Kamina. Mwadi si mtu wa kupiga simu ovyo. Aliuliza hali ya watoto, akauliza kama mvua imefika kwetu, kisha akatoa lililomkaa moyoni.

“Shemeki, siku ya mungu Monga atawasha kuran ya misioni. Groupe mbili, ya zamani na ya mupya, zote pamoja. Yeye njo ataweka mukono. Anasema hesabu yake iko muzuri, lakini minyi siyue hesabu. Kuya uangalie. Na usimwambie kama ni minyi nilikuita.”

Nilimwelewa: kuran ni umeme, groupe ni jenereta, na Jumapili Monga ndiye atakayesukuma swichi; nikaielewa na hofu yake. Kiwandani alikofanya kazi Monga zamani, jirani yao mmoja alisimama mbele ya kabati la umeme likampasukia usoni. Hakufa, lakini Mwadi ndiye aliyekuwa akimpelekea uji, na alimwona kila siku. Ndani ya kabati kama hilo mna swichi kubwa, wenyewe wanaiita disjoncteur, ambayo kazi yake ni kukata umeme waya zinapogusana. Kila swichi ina kikomo cha mkondo inaoweza kuukata. Mkondo ukizidi kikomo hicho, swichi haikati tena, inalipuka, na anayekuwa mbele yake hana pa kukimbilia.

Nilikuwa na sababu nyingine ambayo sikumwambia mtu. Mimi nilizaliwa Kamina. Baba yangu, mtu wa Kasai, alikuwa karani huko, na tuliondoka nikiwa mtoto, miaka ile watu wa Kasai walipoambiwa warudi kwao. Tangu hapo sikuwa nimekanyaga tena. Monga aliponialika kila mwaka nilijibu kwamba kazi imenibana, na kweli ilinibana, ila si kiasi hicho.

Lubumbashi, Jumatatu. Treni ilipaswa kuondoka asubuhi, ikaondoka ilipotaka. Nilikuwa na begi moja, mkate, na kikokotoo. Mke wangu alinicheka kwamba nakwenda Kamina kuhesabu treni. Nilikaa karibu na dirisha, mkabala na mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa na mabeseni ya plastiki hadi darini. Kabla ya Likasi alikuwa ameshajua kazi yangu, idadi ya watoto wangu na kabila la mke wangu. Aliposikia mimi ni fundi wa umeme alinitaka nimtengenezee simu. Nilimweleza kwamba mimi ni fundi wa karatasi, nahesabu tu, wengine ndio wanaoshika. Alinitazama kwa huruma kama mtu aliyesoma bure.

Tenke tulisimama sana. Luena tulisimama zaidi, hata watu wakashuka kupika. Mama wa mabeseni alinigawia muhogo wa kuchoma bila kuniuliza kama nina njaa, nami nikamgawia mkate, tukawa ndugu.

Bukama. Hapa ndipo mtu wa bara anapopumua. Mto Lualaba unapita chini, mpana na mtulivu, mitumbwi kando yake, na harufu ya samaki wa kukaushwa inaingia behewani kabla ya wauzaji. Nilinunua samaki wengi kuliko nilivyohitaji, maana kwenda kwa watu wa Kamina ukipitia Bukama mikono mitupu ni matusi.

Kabondo-Dianda alipanda mzee mmoja na baiskeli yake, akaifunga mlangoni, akatuambia kwamba barabara ya kwao mwaka huu inapitika kwa miguu tu, tena miguu ya mtu asiye na haraka. Alikuwa akienda Kamina kumwona binti yake aliyekaribia kujifungua. Nilipomwuliza atajifungulia wapi, alisema kwenye maternité ya misioni, kwa sababu wamesikia kutakuwa na umeme.

Kamina, Jumatano alasiri. Kituo ni kilekile. Hapo ndipo tulipolala nje na mizigo yetu, mama akitufunika kwa kitambaa cha meza, tukingoja treni ya kwenda kwenye nchi ambayo sikuwahi kuiona. Nilishuka. Nilitaka kulia, na ningelia, kama Monga asingetokea katikati ya watu, akanipokonya begi, akaliweka kichwani kama mama wa sokoni na kutembea mbele yangu akijitikisa. Watu walicheka. Nami nikacheka, machozi yakapata njia yake humohumo.

“Mugeni anatoka ku mbali,” aliwaambia watu njia nzima. “Iko mutoto ya hapa.” Hilo la mwisho alilirudia kila tulipopita nyumba, na watu waliitikia, wengine wakitoka hadi uani kunishika mkono. Sijui kama alijua alichonifanyia.

Mwadi alitupokea kwa bukari, yaani ugali, kwa sombe ya majani ya muhogo, na kwa uso wa mtu asiyejua chochote. Aliniuliza kwa sauti ya juu nimekuja kwa shauri gani. Nikasema nimekuja kuwaamkia. Alikuwa mwigizaji bora kuliko mimi.

Ukutani, pale ambapo wengine huweka picha ya Bikira Maria, Monga alikuwa ametundika mchoro wake. Bikira Maria alisogezwa kidogo kushoto. Ulikuwa mchoro wa mstari mmoja: umeme hutembea kwa waya tatu, lakini fundi huchora mstari mmoja badala ya zote tatu, ili jicho lione njia bila kupotea. Juu palikuwa na duara mbili, ndizo jenereta. Chini yake mstari mnene, ndio upau wa shaba unaopokea umeme wa zote mbili. Kutoka hapo ilishuka mistari mitatu, kila mmoja na kisanduku cha swichi yake: maternité, pampu ya maji, kinu cha unga. Aliuchora nyuma ya kalenda ya parokia, kwa rula na wino mweusi, herufi zimesimama kama wanafunzi kwenye mstari. Nimeona michoro ya makampuni makubwa iliyochorwa na kompyuta. Haikuwa mizuri kama huu.

Nilimsifu, na nilimaanisha. Kisha macho yangu yakaenda kwenye zile duara. Pembeni ya moja ameandika asilimia kumi na mbili, pembeni ya nyingine asilimia kumi na tano. Basi. Ukubwa wa mashine haukuandikwa. Nikamwomba kesho anionyeshe mashine zenyewe.

Alhamisi asubuhi tulikwenda kwenye nyumba ya mashine. Jenereta ya zamani ilikuwa ndogo, ya kVA mia mbili. Mpya, zawadi ya wafadhili, ilikuwa ya mia tano, imejaa chumba. Nilisoma mabamba yote mawili, moja baada ya lingine, nikayasoma tena.

Wasomaji wangu ambao si mafundi wanivumilie hapa. Kila jenereta ina ukinzani wake wa ndani, unaozuia mkondo usimwagike wote mara moja waya zikigusana. Kwenye bamba ukinzani huo huandikwa kwa asilimia, lakini ni asilimia kwa kipimo cha mashine ile yenyewe. Sokoni Kamina unga hupimwa kwa meka, lile kopo wanalolijua wote. Mtu akikuambia ana nusu na mwenzake ana nusu, hujaambiwa kitu, mpaka ujue ni nusu ya meka au nusu ya gunia. Kwa hiyo kwanza unachagua kipimo kimoja, unavihamisha vyote kwenye kipimo hicho, ndipo unaviunganisha.

Monga hakuhamisha. Alichukua kumi na mbili na kumi na tano kana kwamba zote ni za mashine ya mia mbili, akapata kwamba waya zikigusana utapita mkondo wa ampea elfu nne na kitu. Swichi zake zinakata hadi elfu sita. Hesabu ikamfurahisha. Lakini kumi na tano ya mashine kubwa, ukiileta kwenye kipimo cha ndogo, inakuwa sita tu. Nilipiga upya nimekaa juu ya ndoo ya mafuta: zaidi ya elfu saba. Nilipiga tena nikiomba nimekosea. Elfu saba ikabaki elfu saba.

Nilipiga moyo konde. Sikumwambia amekosa, nilimwomba anipigie hesabu ya mashine mpya peke yake. Alipiga haraka kwa kichwa, akitabasamu, akafika kwenye jibu, na tabasamu likaondoka polepole. Mashine moja peke yake ilikuwa imetoa mkondo mkubwa kuliko mbili zilizoko kwenye mchoro wake.

Alikamata kitambaa akaanza kufuta jenereta ambayo haikuwa na vumbi. Nilimwacha. Namfahamu Monga: akikasirika hufuta vitu. Tulipokuwa wanafunzi chumba chetu kilikuwa safi kuliko cha masista.

“Kule kiwandani mashini zilikuwa tatu,” alisema mwishowe, mgongo wake ukinitazama. “Zote sawasawa, kama mapasa. Miaka yote ile ulikuwa unaunganisha tu. Kipimo kilikuwa kimoja, hapakuwa kitu ya kubadilisha.” Kisha akageuka. “Nani alikuita, Kazadi?”

Nikarudisha kikokotoo changu mfukoni.

“Mwadi,” alisema yeye mwenyewe.

Tulirudi nyumbani. Nilitegemea ugomvi, nikajiandaa kujitia kati kama mpatanishi. Monga aliingia, akamkuta mkewe anapepeta unga, akasimama mbele yake. Akamwambia tu kwamba swichi ingempasukia. Mwadi aliweka ungo chini. Akauliza kama sasa ataacha. Monga akasema haachi, anatengeneza. Akaketi karibu naye, akaanza kupepeta yeye, vibaya, unga ukimwagika, na mkewe hakumsahihisha.

Ijumaa na Jumamosi tulifanya kazi. Swichi kubwa zaidi zingetoka Lubumbashi, na kwa treni niliyoijua zingefika watoto wa mzee wa Kabondo-Dianda wakiwa na wajukuu. Monga ndiye aliyepata njia. Alishusha mchoro kutoka ukutani, akachukua wembe, akakwangua ule mstari mnene katikati. Upau ukawa vipande viwili. Jenereta mpya italisha maternité na pampu, ya zamani italisha kinu, wala hazitakutana kamwe. Kila upande peke yake ulikuwa chini ya elfu tano. Hasara ni kwamba moja ikizima, nyingine haitaisaidia mpaka fundi aje abadilishe kwa mikono. Tulimweleza abbé, padri wa misioni, akakunja uso kwa ajili ya kinu, akakubali. Kisha Monga akaukata upau wa shaba wenyewe kwa msumeno, nami nikashika tochi, kazi pekee aliyoniamini nayo. Safari hii pembeni ya kila asilimia aliandika ukubwa wa mashine yake, kwa zile herufi zake nzuri.

Jumapili, baada ya misa. Watu walijaa uwanja, masista mbele, na yule mzee wa baiskeli nikamwona mlangoni mwa maternité. Jenereta zilishaanza kunguruma. Ndani ya chumba cha kabati palipaswa kuwa na mtu mmoja, maana sheria ya kazi inasema asiyehusika akae nje, na ni sheria nzuri. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, kama nilivyozoea.

Mwadi alinipita. Alivaa pagne, kitenge chake cha sikukuu. Alikwenda hadi kwenye kabati akasimama ubavuni mwa mumewe. Monga alimwambia atoke, hapa ni pa mafundi, asiyehusika hakai.

“Minyi niko bibi yako,” alisema Mwadi. “Nahusika.”

Monga alinitazama akitaka nimsaidie. Mwadi naye akanigeukia, bila hasira hata kidogo.

“Shemeki, hesabu iko muzuri sasa?”

“Iko muzuri.”

“Basi weye unasimama wapi?”

Niliona kwamba niko mlangoni. Nikaingia. Ni hatua chache, lakini sijawahi kutembea polepole namna ile, na njia nzima nilikuwa napiga tena hesabu yangu kichwani, kumi na tano, mia tano, chini ya elfu tano. Nilisimama upande wa pili wa Monga, bega kwa bega. Sikio langu lilisikia pumzi yake. Akasema wafwako, ndiyo asante kwa Kiluba, sijui kama alimwambia mkewe, mimi, au Mungu, akasukuma mkono wa swichi.

Ulilia mlio mmoja wa chuma. Nje watu walipiga vigelegele, na dirishani mwa maternité taa zikawaka.

Nilirudi Lubumbashi kwa treni ileile, na samaki walewale, safari hii kwa ajili ya mke wangu. Kituoni Kamina nilikaa kwenye benchi nikingoja, na ilikuwa kungoja treni tu. Kazini nilikuta karatasi za mtambo wa mgodi mmoja, hesabu imekamilika, inangoja sahihi yangu. Ilikuwa sawa, niliipitia mara mbili. Lakini kalamu ilikuwa imeshaanza kuandika nikaisimamisha, nikampigia msimamizi wa mgodi kumwuliza jina la mtu atakayesimama mbele ya kabati siku ya kuwasha. Alishangaa. Alisema hakuna aliyewahi kumwuliza. Akanitajia jina. Nikauliza kama ana mke.