Kwenda Eldoret Kuidai Saini ya Kiprono

Nilikwenda Eldoret kwa sababu mwenzetu mmoja alikataa kutaja jina la mtu. Mwenzetu huyo aliitwa Kiprono, mpanga herufi katika karakana ya mlowezi mmoja mjini humo. Karakana ile ilichapa gazeti la Wazungu wenye mashamba, na jioni, kwa makubaliano, ilichapa karatasi ndogo ya Kiswahili ya chama chetu cha wafanyakazi wa magazeti. Safari hii karatasi yetu ilikuwa na makala kuhusu shamba moja la Soy, ambako watoto walitolewa darasani kwenda kuchuma pareto. Mwenye mtambo aliiona kabla haijachapwa, akaizuia, akataka kujua mwandishi ni nani. Kiprono akasema jina hatataja. Akafukuzwa siku hiyo hiyo, na yule mlowezi akakizuia kipande chake bila kukitia saini.

Wasomaji wangu vijana hawakuvaa kipande, basi niwaeleze. Ilikuwa karatasi ya serikali ambayo kila mwanamume Mwafrika aliivaa shingoni ndani ya kikebe. Ukiachishwa kazi, mwajiri, ambaye tulimwita tajiri, alitia saini humo kwamba amekuachilia. Bila saini ile wewe ni mtoro: hakuna wa kukuandika kazi, na askari yeyote aweza kukukamata njiani.

Huko Nairobi chama kilifanya kikao, kisha kikao cha kuzungumzia kile kikao. Mimi, fundi wa mtambo, sijui kukaa. Mke wangu husema hata kiti chetu kimenichoka. Nilisimama katikati ya maneno ya watu nikasema nitakwenda mimi, na nadhani walinikubalia ili wapumzike.

Tulipoondoka Nairobi nilikuwa daraja la tatu la gari moshi, kwenye benchi la mbao, nikitunga hotuba ya kumvunja yule mlowezi. Kila stesheni nilishuka. Naivasha nilishuka bila sababu. Nakuru nilishuka kunywa chai, gari likaanza kuondoka, nikalidandia na kikombe cha watu mkononi. Abiria mwenzangu akaniuliza kama nafukuzwa.

Timboroa tulifika kukipambazuka. Baridi ya huko inaingia hadi kwenye meno. Nilitembea jukwaani huku na huku nikiisema ile hotuba kwa sauti, na kwa kweli ilinipendeza sana.

Eldoret nilipokewa na Mzee Wafula, mwendesha mtambo wa karakana ile na mkubwa wa wenzetu wanne waliobaki pale. Alinitazama nilivyohangaika na mzigo wangu, akaniambia kwamba Kiprono hayupo mjini tena. Nyumba aliyolala ilikuwa ya tajiri, naye ametolewa humo pamoja na mkewe na vyombo vyao. Sasa wamejibanza kwa shemeji yake, huko Kimumu nje ya mji.

Kimumu tulifika kwa miguu, mimi mbele, Mzee Wafula nyuma akiniuliza kama najua njia. Mke wa Kiprono, Mama Chemutai, alitupa maziwa ya kibuyu yaliyotiwa majivu ya kuyapa ladha, akanikazia macho mpaka nikamaliza. Kiprono alikuwa mtu mrefu, mpole kupita kiasi. Nilimweleza mpango wangu: aniambie mimi peke yangu jina la mwandishi, nimwendee, nimshawishi ajitokeze, na mambo yaishe.

"Wewe pia wataka jina?" akaniuliza.

Nilikasirika. Nikamwambia chama si adui. Akanijibu polepole kwamba wao pale wana desturi. Makala ikishapangwa kwa herufi za madini ya risasi na kusomwa mara moja, ile karatasi ya mwandishi inatiwa motoni, chini ya sufuria ya kuyeyushia risasi, na jina halitajwi tena hata baina yao wenyewe. Watu wa Soy, wa Sugoi na wa kila shamba huleta habari zao kwa sababu wanaijua desturi hiyo.

"Nikikwambia wewe leo, kesho nani ataleta habari?"

Mama Chemutai akasema bila kututazama, "Shemeji, mimi nataka saini. Hiyo jina abaki nayo. Lakini saini nataka."

Kesho yake asubuhi niliingia karakana na hotuba yangu yote. Ilikuwa siku ya kutoa gazeti la walowezi, na mtambo ulikuwa unanguruma. Mwenye mtambo alinisikiliza akiwa amesimama, mikono imejaa wino, maana yeye naye alikuwa mchapa kazi. Nilipofika mahali pa haki na sheria nilipandisha sauti, na hapo nikaharibu.

"Mimi hapana taka maneno mingi," akasema. "Lete jina, mimi natia sign. Hapana jina, hapana sign. Sasa toka."

Nilitoka. Nilitembea mbele ya mlango ule mpaka mwenye duka la jirani akatoka kuniangalia. Nilijiona mjinga. Nimesafiri usiku kucha kuja kumwongezea Kiprono hasira ya tajiri, na yule mama kule Kimumu anangoja.

Kisha mtambo ukanyamaza. Mtu wa kazi yetu akisikia mtambo umenyamaza siku ya gazeti, moyo unamruka. Nilichungulia dirishani. Mzee Wafula alikuwa amevua kikebe shingoni, akatoa kipande chake na kukiweka juu ya meza ya jiwe tunayopangia kurasa. Wengine watatu wakaweka vyao kando ya chake.

"Bwana, kipande yangu hii hapa," Mzee Wafula alisema, na hakupandisha sauti hata kidogo. "Ukitia saini ya Kiprono, narudi kwa mashine. Ukikataa, tia na yangu, niende."

Hawakuwa wameniambia lolote. Tajiri alivitazama vile vipande, akautazama mtambo, akaitazama saa ya ukutani. Gazeti lilingojewa na treni. Mwishowe alikitoa kipande cha Kiprono mezani mwake akatia saini, akakitupa juu ya jiwe. Kazi hakumrudishia. Tena akasema herufi zetu zitoke kwake kabla ya jioni, na zitakazobaki ziingie sufuriani.

Herufi zilikuwa zetu kweli. Za yule mlowezi zilitosha Kiingereza tu. Kwa Kiswahili a na k zilikwisha kabla ukurasa haujafika katikati, basi tulichanga tukanunua. Mchana Kiprono alikuja, tukazifungasha kwenye masanduku ya kutumwa baadaye. Lakini makala ya Soy hakutaka ivunjwe. Karatasi yake ilikwisha kuungua, na habari yote ilikuwa imebaki kwenye zile herufi zilizosimama kwenye ubao, mstari juu ya mstari. Aliniambia ningoje nje. Alipotoka alikuwa ameizungusha uzi imara na kuifunga ndani ya blanketi.

"Utaipakata hivi mpaka Nairobi," akasema. "Ukiruka ruka, itamwagika. Na usifungue njiani."

Stesheni, Mama Chemutai alinishika mkono kwa mikono miwili. Kikebe kilikuwa shingoni mwa mumewe, na alikigusa mara moja kabla ya kuniaga.

Timboroa, wakati wa kurudi, sikushuka. Nakuru watu walikunywa chai na mimi nikawatazama. Magoti yaliuma, kisha yakafa ganzi, na kila gari lilipokata kona nilikumbatia ule ubao kama mtoto mgonjwa. Kila nilipotaka kuinuka nilimkumbuka Mzee Wafula na sauti yake ile ya chini. Nilikuwa nikidhani kutetea gazeti ni kukimbia na kupiga kelele. Kwenye benchi lile nilijifunza, kwa maumivu, kwamba mara nyingine ni kukaa na kutokubali kuinuka.

Nairobi nilikwenda moja kwa moja kazini, nikaweka ubao juu ya jiwe, nikafungua blanketi. Hakuna herufi hata moja iliyoanguka. Nilisoma kinyume kama tusomavyo sisi, mpaka chini kabisa, mahali pa jina la mwandishi, ambapo siku zote tuliweka tu "Mwandishi Wetu". Mstari ule ulikuwa umepangwa upya. Ulisema: Kiprono, mpanga herufi, Eldoret.

Makala ile hakuiandika yeye. Alikuwa amelitia jina lake ili walowezi waache kumtafuta mwandishi mwenyewe. Na nilijua kwamba likishachapwa, hakuna karakana itakayomwandika tena, saini au bila saini.

Kung'oa mstari mmoja ni kazi ya vidole viwili. Nilivuta kiti nikakaa mbele ya ubao, nikamfikiria Mama Chemutai, nikakaa muda mrefu mpaka wenzangu wakaja kuuliza kama naumwa. Kisha nikachukua wino nikazipaka herufi zote tayari kwa kuchapa, mpaka mstari wa mwisho wenye jina lake.