Kosa la Meza ya Kwanza

Kwa miezi saba nilikaa katika nyumba moja ya Kilimani iliyogeuzwa ofisi, nikiandika mfumo wa kompyuta wa kusajili wagonjwa wa kliniki moja ya Parklands. Tulikuwa waandishi wa programu wanne, mwanamke nikiwa peke yangu, na huo ulikuwa mradi wangu wa kwanza kuufanya bila msaada. Bosi alipenda kuwaambia wageni hivyo huku akinionyesha kwa kidole. Nilijifanya sisikii.

Kliniki ilikuwa ya daktari mmoja mpole, mwenye sauti ya chini. Siku ya kumwonyesha kazi aliandika jina la mgonjwa, akabonyeza, orodha ikatokea. Akarudia jina lilo hilo, ikatokea kwa kasi zaidi. "Safi kabisa," alisema. Nilirudi Kilimani nikijiona mtu.

Mapokezi kulikuwa na meza tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, mtu wa Machakos, aliyekuwa hapo tangu kliniki ikiwa na vyumba viwili tu. Hakuwa amewahi kugusa kompyuta kabla sijamfundisha. Aliniita mwalimu, ingawa ningeweza kuwa binti yake, nami nilimwita mama. Alikuwa na tabia moja: kila mgonjwa aliyekuwa kwenye foleni alimfungulia dirisha lake kwenye kioo cha kompyuta, ili asimchanganye na mwingine. Ungeweza kukuta madirisha kumi na mawili yamepangana chini pale.

Mfumo ulienda vizuri wiki tatu. Kisha simu zikaanza.

"Mwalimu, hii kitu yako imelala tena."

"Imelala aje, mama?"

"Nabonyeza, inazunguka tu. Na watu wamejaa mpaka nje."

"Waambie wazime ile seva kisha waiwashe."

Seva ni ile kompyuta kubwa iliyohifadhi mfumo wote, ndani ya kichumba kando ya duka la dawa. Ikizimwa na kuwashwa, kila kitu kilirudi kuwa chepesi. Kesho yake, saa nne au saa tano asubuhi, uzito ulianza upya, na kabla ya saa sita mfumo ulikuwa umekwama. Watu wa kazi yetu husema kumbukumbu inavuja. Programu inaomba nafasi ya kuweka vitu, inavitumia, halafu haivitupi. Nafasi inajaa kidogo kidogo hadi hakuna mahali pa kugeukia. Mfumo unaopona kila ukizimwa na kuwashwa una dalili hiyo wazi kabisa, na nilijua. Nilikaa siku mbili nikipitia kazi yangu ukurasa kwa ukurasa, nisione kitu. Ndipo nikaingiwa na hofu.

Daktari akatuita mimi na bosi.

"Shida ni nini hasa?" aliuliza. Hakuwa na hasira.

Bosi alinigeukia. Nilisema kwamba mfumo wenyewe ni mzima, ila watumiaji wengine wanafungua madirisha mengi mno bila kuyafunga, na seva inalemewa.

"Watumiaji gani?"

"Hasa meza ya kwanza," nilisema.

Sikutaja jina. Nilijiambia hivyo njia nzima ya kurudi ofisini. Jambo la madirisha lilikuwa la kweli, na lilifanya jibu langu lisikike kama la mtaalamu. Lakini sikuwa nimepima chochote. Nilichagua mtu ambaye hangeweza kunibishia kwa lugha ya kompyuta.

Wiki iliyofuata msichana mmoja alikuwa amekaa meza ya kwanza. Mama alikuwa amepelekwa nyuma, kwenye chumba cha mafaili ya zamani. Siku mbili mfumo haukukwama, kwa sababu msichana yule alikuwa bado anajifunza na kazi ilienda polepole. Nilimwandikia daktari barua pepe nikisema hali imetulia. Siku ya tatu mfumo ulilala kabla ya saa tano.

Nilienda Parklands mwenyewe, na kwa vile kulikuwa na kadi za zamani nilizohitaji kulinganisha, ilibidi niingie chumba cha mafaili. Mama alikuwa amekaa kwenye stuli, sweta begani, akipanga folda kwa herufi. Alinisalimu vizuri. Kisha akatoa daftari la shule kwenye mkoba wake.

"Niliandika kila siku ilipolala," alisema. "Saa, na kile tulikuwa tunafanya. Nilidhani utauliza."

Sikuwa nimemuuliza. Katika simu zote zile sikuwahi kumuuliza hata mara moja alikuwa akifanya nini.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Jumanne na Alhamisi mfumo ulilala mapema kuliko siku nyingine. Kando yake alikuwa ameandika: chanjo. Siku za chanjo akina mama huja na watoto wengi, na kwa kila mtoto lazima jina litafutwe, mara nyingine mara tatu, kwa sababu ya tahajia. Wala hakukuwa na madirisha mengi siku hizo. Alikuwa ameandika hilo pia: "Leo nimefungua moja tu."

Nilirudi Kilimani na kufungua sehemu ya kutafuta majina. Haikunichukua hata saa moja. Nilikuwa nimeuamuru mfumo uweke nakala ya kila jibu, ili jina likitafutwa tena lije haraka. Niliweka ujanja huo wiki ya mwisho, kwa ajili ya siku ya kumwonyesha daktari. Baadaye, nikirekebisha jambo jingine, niliongeza saa na dakika na sekunde kwenye alama ya kuitambulisha kila nakala. Tangu hapo hakuna nakala iliyoweza kufanana na ombi lolote. Zilikuwa zinawekwa tu, hazitumiki, hazitupwi. Niliandika programu ndogo ya kutafuta jina moja mara elfu moja, nikakaa kutazama nafasi iliyobaki ikipungua bila kurudi hata kidogo. Nikafuta mistari kumi na moja. Nikajaribu tena. Nafasi ikapungua, ikarudi, ikapungua, ikarudi.

Alhamisi ya chanjo ilipita bila simu. Daktari alimpigia bosi kumpongeza, na bosi akanipongeza mbele ya wenzangu. Niliandika kwenye ripoti kwamba nimeboresha sehemu ya utafutaji. Neno kosa halikuwamo.

Nilinyamaza wiki tatu. Nilipokwenda tena kliniki, mama alichungulia mlangoni.

"Imepona?"

"Imepona, mama."

"Ilikuwa nini?"

"Mambo ya ndani tu," nilisema, na akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa. Sikuweza kumaliza kazi niliyokuja kufanya. Nilipanda ngazi hadi kwa daktari nikamwambia ukweli. Alivua miwani.

"Basi ukawaambie wenyewe," alisema. "Ijumaa, wakati wa chai."

Ijumaa nilisimama mbele ya wauguzi, watu wa duka la dawa na wale wa mapokezi, vikombe mkononi. Nilizungumza Kiingereza. Nilitumia kila neno gumu la kazi yangu, moja juu ya jingine, na nilipomaliza watu walinitazama kama wanaosubiri nianze. Nilikuwa nimekiri bila mtu kujua nimekiri nini, na nilijua ndivyo nilivyotaka.

Mama alikuwa amesimama karibu na dirisha. "Sema na Kiswahili," alisema taratibu. "Tuelewe sote."

Masikio yaliniwaka. "Mfumo ulikuwa unakwama kwa sababu yangu," nilisema. "Niliuandika vibaya. Mama hakukosea kitu. Nilisema ni yeye, na haikuwa kweli."

Mtu fulani aliguna. Mwingine akanywa chai kwa sauti. Kisha mazungumzo yakarudi kwenye mambo mengine.

Jumatatu daktari alimrudisha mama meza ya kwanza. Nilikwenda kukaa kando yake saa nzima kuhakikisha kila kitu kiko sawa, na kilikuwa sawa. Foleni ilipopungua nilimwambia, "Mama, naomba unisamehe."

Aliendelea kutazama kioo. "Nimesikia," alisema.

Nilisubiri aongeze neno. Mgonjwa mwingine alikuwa amefika, mzee mwenye bandeji mkononi, na mama alimfungulia dirisha jipya, akamwinulia uso na kumuuliza jina lake.