Wembe wa Mzee Muhdhar

Marselino Nandonde ni kinyozi wa Mbagala Rangi Tatu, na hata kama hujawahi kukaa kwenye kiti chake, ukipita pale lazima umesikia mashine yake, maana inanguruma kama inadai haki. Nywele ananyoa kwa mashine, na ndevu anazichonga kwa kiwembe kipya anachokifungua mbele ya macho ya mteja na kukitupa akishamaliza. Ndivyo kazi inavyotakiwa siku hizi, naye hana ugomvi na hilo. Lakini kwa miaka mingi, chini ya meza ya kioo, alikuwa na bati la biskuti lililojaa nyembe za zamani, zile za kukunja, zenye bapa refu la chuma na mpini wa pembe. Vinyozi wa enzi za babu zetu walikuwa wakizifungua kwa kidole kimoja, na mteja akabana pumzi.

Alizikusanya wakati hakuna mwingine aliyezitaka. Tangu watu walipoonywa wasichangie nyembe, vinyozi walizitupa, zikaishia kwenye mikeka ya wauza vyuma chakavu wa Tandika, katikati ya kufuli zisizo na funguo na vijiko vilivyopinda. Ulikuwa unaupata wembe kwa bei ya soda, na muuzaji akakushukuru juu. Marselino anaufuta kwa mafuta ya nazi, anaunoa kwenye kinoo, anaupitisha kwenye mkanda wa ngozi hadi makali yarudi, kisha anaulaza ndani ya bati pamoja na wenzake. Mkewe Filomena, muuza maandazi na mwanamke asiyeweka neno akiba, alilitazama bati likijaa akasema, "Mtoto akililia wembe, mpe. Wa kwangu huyu ana mvi na bado analia."

Filomena alijua anachokisema. Nyembe zote zile zilikuwa za kujiliwaza. Aliokuwa anaulilia mumewe ulikuwa mmoja tu, wa marehemu Mzee Muhdhar wa Temeke.

Mzee Muhdhar, ambaye babu yake alitoka Hadhramaut, alikuwa na duka la rejareja na barazani kwake kiti cha kunyolea. Asubuhi aliuza sukari, alasiri alinyoa. Marselino alifika kwake kijana mbichi kutoka Newala, hajui hata kushika mkasi, na mzee akamfundisha kazi mpaka akaiweza. Kila mwanafunzi wake alipomaliza kichwa, mzee alipitisha mgongo wa kiganja juu ya ngozi, kutoka kwenye paji kwenda kisogoni, kisha akarudi kinyume. Kikikwaruza kitu alisema, "Rudia." Kisipokwaruza alisema, "Tayari," na neno hilo hakuligawa ovyo.

Wembe wake ulikuwa na mpini mweusi, na kwenye bapa palichorwa picha ya meli. Watoto wote wa ukoo ule walinyolewa nao siku ya saba baada ya kuzaliwa, siku ya akika. Ulichemshwa kwanza, mzee akanyoa mwenyewe, na nywele za mtoto zikapimwa kwenye mzani mdogo ili itolewe sadaka kwa uzito wake. Alasiri moja, wakiwa wawili tu barazani, mzee aliukunja wembe akamwambia Marselino, "Nikiondoka, huu wako. Usiuache ulale."

Mzee akaondoka kweli. Marselino alishinda msibani, akabeba viti, akachota maji, akachemsha chai, na juu ya wembe hakufungua mdomo. Angefungua vipi? Neno la marehemu lisilo na shahidi, ukilitaja mbele ya wafiwa, umeshakuwa mtu aliyekuja matangani na gunia. Wapo watu wanaoweza, na huwa wanarudi makwao na vitu. Marselino alirudi Mbagala mikono mitupu. Wembe ukabaki kabatini kwa Badriya, binti mkubwa wa mzee, aliyelirithi duka.

Kisha bei zikaanza kupanda. Kijana mmoja anayeitwa Valerian alifungua saluni Msasani, yenye kiyoyozi na kahawa, akapamba kuta kwa nyembe za kale ndani ya fremu za kioo. Picha zikasambaa mitandaoni. Wenye saluni wengine hawakutaka kupitwa, na watu wasiowahi kunyoa hata mbuzi wakaanza kukusanya. Wauza vyuma chakavu, ambao harufu ya pesa hawaelekezwi, wakaacha kuzilaza nyembe na vijiko. Wakazifunga kwenye vitambaa kama mayai.

"Salumu, huu si wiki iliyopita uliniambia bei nyingine?" Marselino alimuuliza muuzaji wake wa siku zote.

"Wiki iliyopita ni wiki iliyopita, mzee wangu. Mie nilikuwaga mjinga, nakugawia tu. Sasa hivi huu sio wembe, ni antiki. Ona maandishi haya."

Marselino aliurudisha mkekani. Alikasirika, na akajua kwamba hana haki ya kukasirika, kwa kuwa aliyemfundisha Salumu kutazama maandishi ni yeye mwenyewe, katika kujionyesha kwake. Njia nzima ya kurudi aliwaza kabati la Badriya. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Kesho yake alifunga saluni akaenda Temeke.

Mvua ilikuwa imenyesha, na dukani kwa Badriya palikuwa na ndoo mbili juu ya magunia, zikikinga matone.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Marselino. Umetususa, au ndo umetajirika?" Badriya alimsogezea stuli. "Umekuja siku nzuri. Kuna kijana wa Msasani kauona wembe wa baba kwenye picha aliyoiweka mwanangu Khulud huko mtandaoni. Katoa bei, nimeambiwa inatosha kuezeka paa lote hili. Mie kuuza kitu cha baba sipendi. Lakini sukari inalowa, unga unalowa, na Khulud mwenyewe anakuja kujifungulia hapa. Nimlaze mzazi kwenye matone?"

Neno lilimfika Marselino kooni, lote, na alasiri yake na kiti chake. Akatazama zile ndoo. Akalimeza.

"Bei hiyo hiyo nitatoa mie," alisema.

Badriya alimtazama viatu, kisha uso. "Wewe?"

"Mie. Nipe mpaka Khulud ajifungue."

"Haya. Lakini yule naye atakuja kuuangalia. Akikuwahi usininunie."

Nyumbani, Filomena alimsikiliza huku akikanda unga. "Si umwambie tu kwamba mzee alikupa?"

"Shahidi yangu nani?"

"Mungu."

"Mungu haji Temeke kuhojiwa, mama," Marselino alisema, akainama kulivuta bati la biskuti, ambalo siku hizo alikuwa amelihamishia uvunguni kwa kuogopa wezi.

"Zote?"

"Zote."

Valerian alizipokea saluni kwake, akazipanga juu ya taulo jeupe, na furaha yake hakuificha. Alikuwa kijana muungwana, tena mlipaji. Bei ile ile iliyokuwa imemfungia Marselino mlango wa Tandika ndiyo sasa iliyomjaza mfuko, kwa kuwa alichokinunua kwa bei ya soda kilikuwa kimegeuka mali bila yeye kutia jasho. Hata hivyo iliuma. Iliuma zaidi alipomwona Valerian akizigeuza moja moja kutafuta maandishi, bila kujaribu makali ya hata mmoja.

"Mzee wangu, hubakizi hata mmoja wa kumbukumbu?"

"Ninaoutaka haumo humo," Marselino alisema.

Siku mbili hazikupita, Badriya akapiga simu kwamba Khulud kajifungua salama, mtoto wa kiume. Marselino alitoka na bahasha yake asubuhi ileile. Alipokata kona ya duka, alisimama ghafla, maana Valerian alikuwa anashuka barazani. Lakini kijana alikuwa mikono mitupu.

"Kumbe ni wewe, mzee? Nenda tu. Mie nimeachana nao," alisema, akaingia kwenye gari lake.

Ndani, Badriya alikuwa amekaa juu ya gunia, macho mekundu, wembe umelala mbele yake kwenye kitambaa. Uling'aa kama sufuria ya bibi harusi.

"Nimeuharibu," alisema. "Nilitaka yeyote atakayeuchukua aukute msafi. Nikausugua kwa majivu na mchanga, kutu ikakataa, nikachukua stilwaya. Kijana kaugeuza, kaniuliza meli iko wapi. Meli si imekwenda na kutu. Kasema bila picha wala maandishi, huu ni chuma tu."

Na nani wa mji huu atamlaumu? Tumelelewa hivyo. Hata sufuria ya kuazima hairudi kwa mwenyewe bila kusuguliwa, sembuse kitu cha marehemu kinachokwenda mikononi mwa mgeni. Ni heshima ile ile iliyomfunga Marselino mdomo msibani, ila yeye ilimkamata ulimi, na Badriya ilimkamata mikono.

Marselino aliuchukua wembe, akaufungua kwa kidole kimoja. Bawaba ilikuwa nzima. Makali yalikuwa yameliwa na mchanga, butu kabisa, lakini chuma kilikuwa kilekile.

"Chukua bure tu, Marselino," Badriya alisema. "Baba angekuwepo angekupa."

"Alishanipa."

Badriya alinyanyua uso.

"Kwenye kile kiti pale. Alasiri, tukiwa wawili. Akasema akiondoka huu wangu, nisiuache ulale."

"Na miaka yote hii umenyamaza?"

"Ningesema msibani, ungeniona mtu wa namna gani?"

Badriya alijifuta macho kwa upindo wa kanga. "Na juzi, nilipokutajia bei? Ungesema, ningekuamini. Baba alikuwa na mambo hayo."

"Najua ungeniamini, dada. Ungenipa wembe, na ndoo zingebaki pale juu." Akaweka bahasha kaunta. "Wembe nilipewa na mzee. Hii ni ya paa."

Badriya aliisukuma. Marselino akairudisha. Akaisukuma tena, na safari hii Marselino aliiwekea mkono wake juu.

"Nimeuza bati zima nikiwa na akili zangu timamu. Mie na wewe tutasukumana hapa mpaka magharibi, na mwenye kuchoka sio mie."

Badriya alilia kidogo, akacheka kidogo, akaichukua. "Basi siku ya saba uje na wembe wako. Mtoto anahitaji kinyozi."

Marselino aliunoa jioni baada ya jioni. Makali yaliyoliwa na mchanga hayarudi kwa kubembelezwa. Aliusukuma kwenye kinoo kwa maji, akaupitisha kwenye mkanda, akaujaribu kwenye vinyweleo vya mkono wake, ukakwama, akaanza upya. "Mtoto kapewa wembe wake na bado analia," Filomena alisema, lakini ni yeye aliyekuwa akibadilisha maji ya kinoo. Salumu alipiga simu kwamba Tandika umeingia mwingine, bei imepanda tena. Marselino alimwambia asiusugue, atakuja siku yake. Alikuwa na hakika atakwenda, hata kama ni kuanza na bati tupu.

Siku ya saba mabati mapya yaling'aa juu ya duka, na ndoo zimerudi bafuni. Wembe ulichemshwa. Khulud alikaa na mwanawe mapajani, mtoto amefungwa kanga nyeupe, na wanawake wakasogea karibu, kwa kuwa kichwa cha mtoto wa siku saba kina mahali palaini panapodunda, na kila mmoja alikuwa akipaangalia. Marselino alilowesha nywele. Alitaka mkono utulie, nao ukatulia. Aliushusha wembe polepole, akiuacha uzito wake ufanye kazi, kama alivyofundishwa kwenye baraza lile lile, na nywele zikadondoka kwenye kisahani cha mzani. Mtoto alipiga mwayo, akaendelea kulala.

Alipomaliza alirudi nyuma hatua moja. Badriya alisogea, na bila kuambiwa na mtu akageuza mkono, akapitisha mgongo wa kiganja juu ya kile kichwa kidogo, kutoka kwenye paji kwenda kisogoni, kisha akarudi kinyume, taratibu. Marselino, mwanaume mzima mwenye mvi, alisimama pale na wembe mkononi akisubiri.

"Tayari," alisema Badriya.